Zabibu za Kituoni

Mwanamke akijengewa nyumba na mwanawe hutakiwa afurahi, na Yasinta alifurahi, tena kwa vigelegele mbele ya watu. Vigae viliteleza kama bamia, na ukuta ulikuwa mrefu kiasi kwamba jogoo wa jirani yeye alimjua kwa sauti tu. Lameck alimhamisha kutoka Majengo, akamleta Ndulani, mtaa mpya nje kabisa ya Dodoma, akamwambia, "Mama, sasa pumzika."

Yasinta akapumzika. Alipumzika mpaka mifupa ikamuuma.

Majengo ndiko alikouzia mlenda mkavu, barazani pa duka la Mohamedali na mkewe Fatmabai, tangu yeye na Fatmabai wana meno kamili. Huku Ndulani viwanja vilipimwa, barabara zikachorwa zimenyooka, ila gari la abiria halikuwepo. Daladala ziliishia lami, na kutoka lami hadi getini kwake ni mwendo wa kumkausha mbuzi angali hai. Bodaboda zilikuwepo, lakini nyonga yake ilikwisha kukataa mambo ya kutanua miguu. Lameck mwenyewe alikwenda kazini Mtumba alfajiri na kurudi giza limeingia.

"Mama, sokoni unataka nini?" mkwewe Jenifa alimuuliza. "Mlenda si nitakununulia?"

"Sitaki kununua, mwanangu. Nataka kuuza."

Jenifa akacheka, akafunga geti, akaenda zake shuleni alikofundisha. Yasinta akabaki anautazama ukuta, na ukuta unamtazama yeye.

Siku moja Fatmabai akapiga simu. "Yasinta, yuko mama mmoja wa karanga, Anitha, anaitaka nafasi yako. Mohamedali anasema baraza haliwezi kukaa wazi kama pengo. Jumatatu usipoonekana, anaingia."

"Mwambie mumeo nakuja."

"Utakuja na nini? Na ungo?"

"Nyamaza, wasije wakasikia majirani."

Alikata simu, lakini kicheko hakikumkaa. Bila lile baraza yeye angekuwa nani? Mama yake Lameck, basi, anayelishwa na kufungiwa geti.

Na kituo cha daladala kilikuwepo. Kilikuwa mbele ya geti lake, uwanja mzima, tena kwenye bango la ramani pale njia panda kilichorwa pamoja na basi dogo la bluu. Balaa ni kwamba wenyeji walikiogopea. Ardhi isiyo na kitu, walisema, inaita wavamizi. Basi mwenyekiti wa mtaa, mzee Nathanaeli, akaitisha mkutano, wakazungushia uwanja ua wa minyaa na kupanda zabibu ndani, kila nyumba mstari wake, wakilinde kituo mpaka siku magari yatakapokuja. Zabibu zikashika. Zikazaa. Sasa kila jioni watu walikuwa wanaupapasa mstari wao kama mtoto mchanga, na kituo kikalindwa hata magari yasiingie.

Jumatatu asubuhi gari likaja. Dereva, Filipo, alikuwa amekubaliwa kujaribu njia ile, mradi apate pa kugeuzia. Alishuka kwenye Haisi yake, akaitazama minyaa, akavua kofia.

"Mzee, kituo kiko wapi?"

"Umekifikia," alisema Nathanaeli. "Ni vile tunangoja kuvuna. Geuzia barabarani kwa sasa."

Barabara ilikuwa pana kwenye bango. Chini, kila mwenye nyumba alikuwa ameisogezea maua yake, kokoto zake na ngazi yake.

"Hapa hata mbwa anageuka kwa kuomba radhi," alisema Filipo.

Yasinta alikuwa ameshatoka na furushi la mlenda mkononi. "Baba, nikiung'oa mstari wetu sasa hivi, utageuka?"

Filipo alipima kwa macho. "Shikamoo bibi. Huo utatosha kugeuza baiskeli."

"Mama Lameck, usituharibie," alisema mwenyekiti. "Zabibu zimebakiza kidogo tu."

"Mimi pia nimebakiza kidogo, mwenyekiti."

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyekwenda kuchukua jembe. Filipo akarudi kwenye usukani. Atatoka kinyumenyume mpaka lami, akasema, na hatarudi hadi uwanja uwe wazi.

"Nipandishe," alisema Yasinta.

Jenifa alikuja mbio na chaki bado mkononi, maana shule ilikuwa jirani na maneno hutembea. "Mama, utarudije?"

Miezi yote hii Yasinta alikuwa akijiuliza atatokaje. Hili la kurudi lilikuwa swali jipya, na alikiri moyoni kuwa lilimtisha. Aliitazama nyumba nzuri ya mwanawe. Akampa konda furushi, akapandisha mguu ule mzima, kisha akauvuta ule mbovu kwa mkono. Wakaondoka hivyo, kinyumenyume, gari tupu na bibi mmoja, Ndulani yote ikimtazama usoni anavyopungua.

Barazani Anitha alikuwa ameshatandika gunia. Yasinta alimwamkia vizuri, akakaa katikati ya gunia lile, akaanza kupanga mlenda. Anitha alingoja bibi asogee. Mchana akasogeza karanga zake mwenyewe.

Jioni mwenyekiti alipiga simu. Wamekutana, alisema, na wamekubaliana kwa kauli moja: uwanja utafunguliwa baada ya kuvuna.

"Vuneni taratibu, utomvu wa minyaa usiwaingie machoni," Yasinta alimjibu.

Fatmabai alimtandikia godoro dukani, nyuma ya magunia ya mchele, mahali pasipo na dirisha. Mohamedali alisimama mlangoni na kufuli zake, uso umemshuka. Duka hili hufungwa kwa nje, alisema, na ufunguo analala nao yeye.

"Yasinta, kweli nikufungie humu?"

"Funga, shemeji. Kesho nataka niwe wa kwanza kufika."