Saa ya Fazul

Niliposikia kwamba mchumba wa binti yangu anahitaji saa ya rubani, niliuliza ile aliyokuwa nayo ilikuwa na kasoro gani. Laïla alinitazama kama mtu aliyeulizwa samaki anataka maji ya nini.

Ilikuwa mwaka 1988, Mahajanga, mwezi mmoja kabla ya arusi. Kwetu sisi watu wa asili ya Komoro, upande wa bibi arusi hupeleka masinia kwa bwana arusi: kanzu, suti, viatu, manukato, saa. Mwanamke mmoja hufunua kila sinia na kutaja kwa sauti kilichomo na aliyekitoa. Saa ndiyo watu huisubiri zaidi.

Mimi ni mkunga mwenye diploma. Saa kwangu ni mshale wa sekunde, wa kuhesabia mapigo ya moyo. Nilikwenda kwa Soulé, mfanyabiashara anayeleta bidhaa kutoka Reunion, akaniwekea tatu mezani. Ya kwanza ya plastiki, ya Hong Kong. Ya pili ya Kijapani, ya chuma, inatumia betri. Ya tatu ya Uswisi, nzito, uso mweusi, na pembeni ina pete yenye tarakimu ndogo ndogo inayozunguka. Bei yake ilikuwa sawa na bangili nne za dhahabu. Nikamwambia anifungie ya Kijapani.

Laïla alilia siku tatu. Siku ya nne aliacha kulia akaanza kueleza, na hapo ndipo aliponipata. Fazul alikuwa akirusha ndege ya viti vitano kutoka Nosy Be. Ile pete, alisema, rubani huizungusha akapata hesabu ya mafuta yaliyobaki. Na ya Uswisi haina betri, inajijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono.

"Mama, betri ikizima yuko juu ya bahari, atahesabu kwa vidole?"

Nimewaona watu wakifa kwa kukosa kifaa kidogo. Nikakubali.

Fedha sikuwa nayo. Nilikuwa na bangili za marehemu mama, ambazo siku moja zingekuwa za Laïla. Dhahabu ya namna hiyo hupita mikononi mwa wanawake tu, na haiuzwi bila ndugu wa kike kuridhia. Nilivuka kwa feri hadi Katsepy kumwomba dada yangu Hachimia. Alikataa, tukanywa chai, akakataa tena. Mwishowe alitaka neno langu kwamba saa ile haitatoka nyumbani kwa Laïla. Nikampa neno langu. Watu wanajua mimi neno langu ni moja, hata wasionipenda.

Siku ya masinia, saa ilipofunuliwa, wanawake walipiga vigelegele mpaka mtoto wa jirani akaamka. Fazul aliivaa hapo hapo. Wiki iliyofuata wakahamia Nosy Be.

Baada ya miezi minane nilipata likizo nikawatembelea. Siku mbili ndani ya gari la abiria hadi Ankify, halafu boti hadi Andoany, mji wa kisiwa cha Nosy Be. Fazul alinipokea gatini, akanyoosha mkono kuchukua mfuko wangu. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa na saa ya plastiki.

Nikamuuliza ile nyingine iko wapi. Akasema iko kwa fundi.

Kesho yake nilikwenda sokoni nikamtafuta fundi saa. Yupo mmoja tu, mzee anaitwa Madi. Nikamweleza saa ilivyo. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Bibi, saa kama hiyo ingeletwa kwangu ningefunga duka nikae niitazame."

Nilirudi nyumbani. Laïla alikuwa jikoni akikuna nazi. Ukutani palikuwa na alama tu ya kabati lililokwisha kuondolewa. Nikamwambia nimetoka kwa Madi. Aliendelea kukuna kidogo, kisha akaacha.

Saa waliiuza wiki ya kwanza, kwa Mfaransa mmoja aliyekuwa mgeni hotelini. Fedha ilikwenda kwenye vibali na tiketi. Wanahamia Reunion, Alhamisi. Alikuwa akinitafutia maneno ya kuniambia, alisema.

"Mlipanga lini?"

"Kabla ya arusi."

"Kabla ya kunililia?"

Akachukua nazi nyingine, na kwa Laïla hilo ni ndiyo.

Nilimuuliza kwa nini hakuniomba zile bangili waziwazi, maana hata hivyo zilikuwa zake. Alinijibu kwa Kimalagasi, lugha anayoitumia akitaka kumaliza jambo. Dhahabu angeiuza, mama mkubwa angeuliza, mimi ningeuliza, mtaa mzima ungeuliza. Saa ya mwanamume, nani ataiulizia?

"Na ile hadithi ya betri?"

"Nilijua ukisikia ni ya usalama utakubali. Wewe uko hivyo, mama."

Hapo ndipo paliponiuma. Bangili ni chuma. Lakini mtoto niliyemzaa alinisoma kama kitabu, akaona mahali ninapojali, akanipiga hapo hapo. Na mumewe alikaa barazani siku ile yote akisikiliza redio, sauti juu.

Sikungoja Alhamisi. Nilipanda boti ya asubuhi. Laïla alinisindikiza hadi gatini akanibusu mkono, nami niliuacha mkono ubusiwe.

Hachimia alikuwa ananisubiri Mahajanga, amekuja kwa mambo yake ya hospitali. Kabla sijavua viatu akaniuliza kama Fazul anaitunza saa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumwambia ukweli. Nilimtazama, nikaona atakavyolitamka jina la Laïla kuanzia siku hiyo mpaka kufa kwake.

"Anaivaa kila siku," nikasema.

Akamshukuru Mungu. Kisha akaisambaza habari hiyo kote, Mahajanga hadi Katsepy.

Sasa wanawake wenye mabinti wa kuozesha huja kwangu kuuliza: ya Uswisi au ya Kijapani? Nawaambia wanunue ya Kijapani, na wakiweza ya plastiki. Hawanisikilizi. Juzi Oumi, jirani yangu, alinijibu mbele ya wenzake, "Zaïtoun, wako umemvisha ya Uswisi, wetu unawatakia plastiki?" Wakacheka wote. Oumi ameshauza mkufu wake.