Taa ya Kushoto ya Alphonce

Mimi nina hasira za karibu. Nalitanguliza hilo ili baadaye msinisumbue kwa maswali. Mtu akinikalia kichwani nanuna, na nikinuna sisemi hata lile ninalopaswa kusema. Mama Rebeka, mke wangu, amenivumilia miaka ishirini na mbili kwa sababu aliigundua dawa yangu mapema: ananiacha nipoe. Alphonce hakuwa na subira hiyo, yeye alikuwa mtu wa utani.

Kazi yangu ni kusafisha taa za magari. Nina kibanda hapa Mandewa, kando ya barabara. Kile tunachokiita kioo cha taa kwenye magari haya ya mitumba ni plastiki tu, na jua la Singida likiipiga miaka michache inageuka njano, halafu inapata ukungu kama jicho la mzee. Ndipo wananiletea. Napiga msasa wa maji, kwanza mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, halafu polishi, halafu dawa ya kuzuia jua. Ni kazi ya saa mbili, ukiniacha nifanye bila kunipigia kelele.

Njia ya mkato ipo pia. Hapa kwetu alizeti tunalima wenyewe, mafuta hayakosekani kwenye nyumba ya mtu. Unachovya kitambaa, unapaka kioo, taa inang'aa papo hapo utadhani imetoka dukani. Madalali wanafanya hivyo kila siku mnunuzi akikaribia. Lakini mafuta yale ni lazima uyaoshe kwa sabuni kabla hujaingia barabara ya vumbi, maana vumbi linayashika, linaganda, na ukiwasha taa hupati mwanga wa maana. Kwa hiyo fundi akipaka anamwambia mwenye gari, kaoshe. Ni neno moja tu, wala halichoshi mdomo.

Alphonce alikuwa na gari dogo, Spacio ya rangi ya fedha, akipakia abiria kati ya mjini na Mgori. Mwezi wa sita, wakati wa mavuno, alikuja kwangu mchana akitokwa jasho. Askari wa barabarani walikuwa wanakagua magari na walimwambia taa zake hazifai. Nikamwambia msasa laini umeniishia, aache gari mpaka kesho. Akacheka, akasema kwa sauti ili kijiwe kizima cha bodaboda kisikie, "Huyu Kefa angekuwa trekta, shamba moja angelima mpaka mvua za mwaka unaofuata."

Walicheka mpaka mmoja akashika pikipiki asianguke. Mimi damu ilichemka. Nikachukua chupa ya mafuta, nikapaka taa zote mbili, nikamwambia, "Haya, nenda." Akaenda, akapita ukaguzi, akarudi kupakia watu wa Mgori, na aliponipita akanipungia mkono. Sikumwambia aoshe. Mkiniuliza kama nilisahau, sikusahau. Nilikuwa nimenuna. Nilitaka kesho yake taa zimchafukie arudi kwangu kwa adabu.

Jioni ile ile, giza limeshaingia, akirudi mjini peke yake, aliingia chini ya tela la trekta lililokuwa limeharibikia barabarani na magunia ya alizeti. Alifia pale pale.

Msibani nilikwenda. Hata kaburi nilichimba, tena nilichimba kwa nguvu kuliko wote. Siku hiyo hiyo maneno yakaanza. Kwenye simu ya marehemu ilionekana mkewe, Scholastika, alimpigia muda mfupi kabla ya ajali, akazungumza naye dakika mbili. Alimwambia mtoto ana homa, awahi. Basi watu wakapata pa kushika. Alikuwa anaongea na simu, ndiyo maana hakuona tela. Mkewe kamuua kwa simu. Nilisikia yakisemwa upande huu na upande ule, na mimi nikapiga kimya.

Ukimya ule ulinila. Nikiwa nimekaa kibandani mchana kweupe, sina kazi mkononi, nilikuwa nasikia kitu kikisugua plastiki kavu, kwii, kwii, kama mtu anayefuta taa nyuma yangu. Nageuka, hakuna gari, hakuna mtu. Mara ya kwanza nilisema ni uchovu. Ikawa kila siku. Nikihamisha stuli, sauti inahama nami. Nyumbani nikawa siwezi kuvumilia harufu ya mafuta ya alizeti, mama Rebeka akifungua chupa mimi natoka nje. Akaniuliza nimerogwa na nani. Nikamfokea. Niliogopa, basi, niseme nini zaidi.

Mwezi wa kumi, Ijumaa asubuhi, Sixbert alikuja na ile Spacio. Sixbert ni kaka mkubwa wa Alphonce, mtu mkavu, akisalimia unaona kama amekukopesha salamu. Boneti lilikuwa limenyooshwa, taa ya kulia imewekwa nyingine. Ya kushoto ilikuwa ile ile. Gari lilikuwa limekaa miezi minne kwenye banda lao lisilo na ukuta mbele, taa zikipigwa na jua.

"Safisha hii," alisema. "Jumatatu mnunuzi anakuja kuliona."

"Mnauza?"

"Tunamaliza mambo. Jumapili ukoo unakaa. Scholastika anarudi kwao Iguguno, watoto wanabaki kwetu. Mtu aliyemuua ndugu yangu kwa simu hawezi kulea damu yake."

Derick, mkubwa wao, ana miaka saba na mdogo wake hajatimiza mitatu. Nilitaka kusema kitu, nikainama kuokota kitambaa. Sixbert akaniachia funguo akaondoka kwa bodaboda.

Nikachuchumaa mbele ya taa ya kushoto. Ilikuwa na utando wa vumbi lililogandia mafuta, jua limeuoka mpaka umekuwa mgumu. Na juu ya utando ule kulikuwa na vidole. Mistari minne, kutoka juu kwenda chini, ya mtu aliyefuta kwa kiganja kwa haraka. Mstari wa tatu ulikuwa mfupi. Alphonce alikatwa ncha ya kidole cha pete na mashine ya kukamua alizeti alipokuwa kijana, kila mtu anajua.

Nilikaa chini, kwenye mchanga. Nilimwona kabisa. Alikuwa haoni njia. Akasimamisha gari, akashuka, akafuta taa kwa mkono wake, na mafuta yangu yakazidi kupakaa. Akapanda tena kwa sababu mtoto anaumwa. Mtu aliyezama kwenye simu hashuki kufuta taa. Alikuwa anajitahidi kuona.

Hapo ndipo mngetarajia nikimbie kwa Sixbert. Ningekuwa mtu wa maana ningekimbia. Mimi niliwaza kitu kimoja tu, kwamba yeyote atakayeinusa taa ile atauliza nani alipaka mafuta, na kijiwe kizima cha bodaboda kiliniona. Nikachukua ndoo. Nikachukua msasa.

Nilisugua kwa nguvu, maji yakawa yanatoka ya njano kisha meupe kama uji. Nikafuta, nikaacha pakauke. Vidole vikarudi. Najua sababu yake, mimi ni fundi: alipofuta, mchanga ulikwaruza plastiki, na jua lilichoma pale palipobaki wazi kuliko penye utando. Najua. Lakini nikamwaga maji mengine. Nikasugua tena, nikakausha, vikarudi, hafifu zaidi, kile kifupi bado kifupi. Nikatupa msasa ule nikachukua mkali kabisa, ule wa kukwangulia rangi ya bodi. Katikati ya kazi nikasimama kupumua, mkono wangu umetulia juu ya goti, na sauti ikaendelea. Kwii, kwii. Palepale karibu na sikio langu.

"Alphonce, niache," nilisema. Mama muuza karanga ng'ambo ya barabara akanitazama.

Sikuacha. Nilimaliza na mkali, nikapita na laini, nikapiga polishi. Ilipofika saa saba taa ilikuwa safi, balbu ndani unaihesabu nyuzi. Sijawahi kusafisha taa vizuri namna ile, na sijawahi kujichukia namna ile.

Scholastika akaja. Alitembea haraka, kanga imemteleza begani, na hakunisalimia kwanza, jambo ambalo si desturi yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye taa ya kushoto, akainama, akaweka kiganja chake pale juu, akakipitisha polepole mpaka chini.

"Baba Rebeka," alisema, "vidole vyake viko wapi?"

Nikasogeza ndoo pembeni kwa mguu.

"Vilikuwa hapa. Kila asubuhi nilikuwa naingia bandani naweka mkono wangu hapa. Sikumwambia mtu, niliogopa watavifuta. Nilikuwa nangoja Jumapili wazee wote wakae, niwapeleke wakaone kwamba alisimama, alishuka. Shemeji kalichukua gari mimi nikiwa kisimani." Akanitazama usoni. "Uliviona?"

"Niliviona, mama Derick."

"Ukavifuta."

"Nikavifuta."

Akakaa kwenye tairi ninalowakalishia wateja. Hakulia. Angelia ingenisaidia. Alisema, "Basi sina kitu tena," kwa sauti ya mtu anayezungumzia chumvi iliyoisha.

Ndipo nikasema yote. Mafuta, kijiwe, kicheko, kununa kwangu. Sikujua kama maneno yatatoka, lakini yalitoka, mengine yakigongana. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika pindo la kanga.

"Kwa nini hukumwambia aoshe?"

"Alinitania mbele ya watu."

"Alikutania," alisema. "Alphonce hakuwa anamtania mtu asiyempenda." Akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Jumapili, saa nane. Utakuja."

Ijumaa ile mpaka Jumapili sikula vizuri wala sikumwambia mke wangu kitu. Mara mbili nilifikiria kupanda basi la Manyoni kwa mdogo wangu Simoni nikakae mwezi. Jumapili nilivaa shati nililovaa msibani, kwa sababu ndilo safi lililokuwepo, nikaenda.

Wazee walikuwa kwenye viti uani, kama kumi hivi. Bibi Luciana, mama yake Alphonce, alikaa kwenye mkeka na wajukuu wawili. Scholastika alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi ya jikoni, begi lake la nguo limeshafungwa liko miguuni. Niliamkia wote, shikamoo moja moja, wakaniitikia wakishangaa nimefuata nini kwenye kikao cha ukoo. Nikaomba kusema. Nikasema.

Nilipomaliza, Sixbert alinyanyuka. "Vidole hivyo viko wapi tuvione?"

"Nimevifuta mwenyewe. Kwa msasa."

"Kwa hiyo unakuja na maneno matupu. Huyu mwanamke kakuomba uje kumtetea, na wewe una huruma. Kaa pembeni, Kefa. Mambo ya ukoo hayakuhusu."

Wazee wawili wakaitikia kwa vichwa. Niliona imekwisha. Niliona wale watoto wakibaki kwenye mkeka ule na begi lile likipakiwa kwenye bodaboda, na yote ni kazi ya mikono yangu, mara ya pili sasa. Nikaapa. Nikawaambia wakawaulize watu wa kijiwe. Nilivyozidi kusema ndivyo nilivyozidi kuonekana mtu aliyetumwa.

"Mwacheni," alisema bibi Luciana. Alizungumza Kinyaturu, taratibu, na ingawa mimi ni Mnyiramba namsikia vizuri. "Wewe ulichimba kaburi la mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Wachimba kaburi tunawapa chakula kwanza kabla ya watu wote. Niliwapelekea mimi mwenyewe, nilitaka kuwashukuru kwa mkono wangu. Wenzako walikula. Wewe ulinawa, ukalishika tonge, ukalirudisha kwenye sahani. Ukanawa tena."

Nilikuwa nimedhani hakuna aliyeona.

"Nilimwambia dada yangu, mtazame yule kijana, amempenda Alphonce mpaka chakula hakipiti." Akampangusa mjukuu wake pua. "Miezi minne nimekuwa nikikuombea kwa ajili ya lile tonge. Kumbe ulikuwa unanawa mafuta."

Sixbert alikaa. Bibi Luciana akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja mahali palipobaki wazi pembeni yake, akamwita Scholastika. Alimwita mwanangu. Scholastika alikuja bila begi, akakaa, na yule mdogo akampanda mapajani. Hapo ndipo alipolia, na bibi akamwekea mkono mgongoni akauacha hapo.

Mimi nilikuwa bado nimesimama katikati ya uwanja. Hakuna aliyeniambia nikae wala niondoke. Mwishowe bibi Luciana aliinua uso.

"Kaburi lile ulilichimba wewe," alisema, safari hii kwa Kiswahili, ili asiwepo asiyeelewa. "Usilikanyage tena."

"Sawa, mama," nilisema.