Mti Umekufa kwa Nini

"Mtundu," alisema mzee Zefania, akiupiga mti kofi la upole. "Huu nao mtundu. Ule uliopinda ni mninga. Na huo wa nyuma yako, binti, usiuegemee, una siafu."

Damari akaruka. Hosea akacheka chinichini huku akikunja tepu.

Damari alikuwa mtaalamu wa misitu, na hii ilikuwa siku yake ya nne katika kijiji cha Mitundu. Mahali pa kuegemea alikuwa bado hajapajua, lakini kazi yake aliijua vizuri. Walikuwa wakipima ploti, duara lililochorwa kwa kamba ndani ya msitu wa kijiji, na kila mti uliomo lazima upimwe unene wake usawa wa kifua. Hosea alizungusha tepu na kusoma namba, Zefania akataja jina la mti, Damari akaingiza yote kwenye kishikwambi. Unene ulionyesha mti umebeba hewa ukaa kiasi gani, hewa ileile inayopanda angani mti ukichomwa au ukioza, na kuizidishia dunia joto. Nchi ilikuwa imeahidi mbele ya mataifa kwamba itaipunguza. Ahadi hiyo, ukiifuata mpaka inakoishia, ilikuwa watu watatu wenye tepu na galoni la maji, wakihesabu miti.

Zefania aliipenda kazi hii kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alikuwa na miaka sitini na saba, na kwa zaidi ya arobaini kati ya hiyo alikuwa akirina asali. Miti yote aliijua kwa jina, hata gizani kwa harufu, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Leo binti mwenye shahada alisubiri kinywa chake kabla ya kuandika. Jumamosi mkutano wa kijiji ulikuwa unachagua mlinzi mkuu wa msitu, na jina lililotajwa kila kijiweni lilikuwa moja tu, lake. Alijifanya hajasikia, lakini kofia ya sikukuu alikuwa ameshaifua.

"Nyuki hawakati mti, nyuki hawachomi mti," alizoea kusema mikutanoni, akimtupia jicho Hosea.

Maana Hosea alikuwa mchoma mkaa. Miaka miwili nyuma Zefania ndiye aliyeuona moshi wa tanuru lake bondeni akaenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji. Hosea akasimamishwa mbele ya mkutano, mwanamume mwenye mke na watoto, shoka lake likipita mkono kwa mkono watu walitazame. Mkaa akauacha. Tangu hapo, kila walipokutana ilikuwa shikamoo, marahaba, na maneno yanaishia hapo.

Walipofika upande wa juu wa duara, Zefania alisimama.

Mbele yao palikuwa na miyombo saba iliyokufa. Ilikuwa imesimama wima, myeupe, bila jani hata moja, na kila mmoja ulikuwa umevuliwa gome kuanzia magotini hadi juu ya kichwa cha mtu. Kingo zilikuwa zimeliwa na mvua na mchwa. Ilikuwa vigumu kujua kilichoyatoa magome yale, kama hukuwepo.

Zefania alikuwepo. Ulikuwa msimu wa mvua nyingi, miaka minane iliyopita, magome yakibanduka kirahisi kuliko alivyowahi kuona. Unachora duara chini kwa kisu, unachora lingine juu, unapasua wima upande wa jua linakochomoza, kama baba yake alivyomfundisha, kisha unaingiza kabari na kulibembeleza gome mpaka litoke zima. Unalishona kwa vijiti, unaliziba huku na huku, na tayari una mzinga. Aliifanya kazi ile akiimba. Alibeba mizinga saba begani siku mbili, akaenda kuitundika kwenye mitundu ya mbali, na miyombo hakurudi kuiangalia. Nani anarudi kuangalia mti aliochukua gome?

"Hii yote imekufa," alisema Damari. Alipapasa sehemu iliyokuwa wazi. "Hapa fomu inauliza sababu. Kuna ukame, moto, wanyama, binadamu." Akageuka. "Jana uliniambia tembo wa hifadhi ya Rungwa wanapita huku na wanakula magome. Ni tembo hawa, mzee?"

Hosea alikuwa amepiga goti chini ya mti wa kwanza, tepu mkononi. Hakuinua kichwa.

Zefania aliijua fomu ile. Damari aliwaeleza tangu siku ya kwanza: mti ukiuawa na tembo, hiyo ni kazi ya Mungu, lakini ukiuawa na mtu kijiji lazima kizuie kilichouua, la sivyo msitu wao hautapokelewa kwenye mpango wa hewa ukaa. Yeye alikuwa na mizinga ya magome sitini na tatu. Na Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

"Tembo," alisema.

"Saba yote?"

"Wanatembea kundi."

Damari akaandika. Hakuuliza zaidi, kwa sababu alimwamini, na hilo ndilo lililomchoma Zefania kuliko yote. Hosea akasoma namba, mti wa kwanza, wa pili, hadi wa saba. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

Kijiji kizima kilijua gome la mzinga linatoka wapi. Hosea alijua. Neno moja tu lilimtosha kulipiza shoka lile, tena mbele ya mgeni. Zefania alilisubiri neno hilo hadi mti wa mwisho. Halikuja.

Jua lilipokuwa utosini walikaa kula. Winfrida, mke wa Zefania, alikuwa amewafungia karanga na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Damari alisogea pembeni kutafuta mtandao, akikiinua kishikwambi juu na kuzunguka nacho. Wanaume wawili wakabaki wakitafuna. Zefania aliliweka tobolwa lake chini.

"Uliona," alisema hatimaye.

"Nimeona nini, mzee?"

"Usinichezee, Hosea. Wewe si mtoto na mimi si mgeni. Tembo gani anavua miti saba kwa kimo kimoja?"

Hosea alimenya karanga, akapuliza maganda.

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

Hosea alijibu akiangalia mikono yake, ambayo kucha zake hazikuwa zimeisha weusi wa mkaa hata baada ya miaka miwili.

"Siku ile uliponipeleka, mwanangu mdogo alikuwepo mkutanoni. Alikuwa mbele kabisa, na watoto wenzake. Naujua uzito wa kusimamishwa vile, mzee. Kumtwisha mtu mwingine sikuweza. Hata wewe."

Zefania aliona aibu. Si ile aibu ndogo ya kukamatwa na uongo. Kwa miaka miwili alijiona mkubwa kwa sababu ya moshi wa mtu mwingine. Kazi yake yeye haikutoa moshi, basi. Miti yake ilikufa bila kelele, ikiwa imesimama, na yeye akapita chini yake akihubiri.

Akainuka, akajipangusa makalio, akamwendea Damari.

"Binti. Pale ulipoandika tembo, pafute."

"Nipafute? Kwa nini, mzee?"

"Ni mimi. Nilivua magome nikatengenezea mizinga. Andika Zefania."

Damari alimtazama, akaitazama ile miyombo saba. Uso wake ulibadilika polepole.

"Fomu haina nafasi ya jina," alisema. "Ina binadamu tu."

"Basi andika binadamu."

"Mzee, nikiandika hivi, kijiji kitaitisha maelezo. Mizinga ya magome itapigwa marufuku. Na huo uchaguzi wenu..."

"Andika, mwanangu. Nisije nikabadili mawazo."

Akaandika. Ilimchukua muda mfupi sana, vidole viwili vitatu juu ya kioo, na kazi aliyoachiwa na baba yake ikawa imeingia kwenye kundi moja na tanuru la mkaa. Zefania alisubiri kusikia nafuu. Alichoona ni kamba tu, na miti iliyokuwa nje yake.

"Tumemaliza ploti hii," alisema Damari kwa sauti ya chini. "Turudi, mzee, ukapumzike."

"Hiyo saba ni ya ndani ya kamba," alisema Zefania. "Nje ipo mingine."

"Ya nje haihitajiki."

"Wewe huihitaji."

Akairuka kamba, akaingia porini bila kutafuta njia. Hosea alimtazama mgongo, akachukua tepu, akamfuata.

Wa kwanza waliukuta karibu na kichuguu, mweupe, umevuliwa kama wale saba.

"Huu niliuvua mwaka alioolewa binti yangu Kristina," alisema Zefania.

Hosea akazungusha tepu usawa wa kifua. "Thelathini na nne."

Hakuna aliyeandika. Wakaenda wa pili.

"Huu ni wa mwaka uliofuata. Mzinga wake ulianguka kabla haujaingia nyuki."

"Ishirini na tisa."

Wa tatu haukuwa na cha kuzungushia tepu. Ulikuwa umelala chini siku nyingi, mchwa wakaumaliza, ukabaki mstari wa unga mwekundu kwenye majani makavu. Hosea alisimama upande mmoja wake, mzee upande wa pili.

"Na huu?"

Zefania alivua kofia.

"Huu siukumbuki," alisema.

Hosea akachuchumaa, akaanza kuinyoosha tepu juu ya ule unga, polepole, kutoka mwanzo wake hadi mwisho.