Saa Mbili na Dakika Saba

Dada yangu alipoteza jicho la kulia ndani ya siku tatu, na mimi nilikaa miezi minne kabla ya kukasirika. Ndivyo nilivyo. Nikiletewa suruali iliyopasuka, sishiki mkasi mpaka nijue imeanzia kupasuka wapi na kwa nini.

Sisi ni mafundi. Mimi nakata na kushona. Nilijifunza kwa kufumua mashati makuukuu na kuyarudishia, mpaka mikono ikazoea. Dada, aliyenipita miaka tisa, anatia nakshi: maua ya shingoni, majina kwenye mashuka ya maharusi, nembo za sare za shule. Mtaa mzima unamwita Dada Nakshi. Riziki yake yote iko kwenye macho na ncha za vidole.

Jicho lilianza kumuuma jioni. Mkabala na karakana yetu kuna duka la dawa, na ndani yake wametenga kibanda cha tiba kwa mtandao: kiti kimoja, tableti iliyosimamishwa kwenye mguu wa chuma, na daktari aliye mji mwingine. Msimamizi wa kibanda ni binti tunayemwita Kidole, kwa sababu kidole chake hakitulii juu ya kioo. Nilimpigia simu, akamwandikisha dada zamu ya saa nne na robo asubuhi.

Tulifika kwa wakati. Jicho lilikuwa jekundu, dada kashika paji la uso kwa maumivu, na alfajiri alikuwa ametapika mara mbili.

"Kaa hapo mama, angalia kamera, usitikisike," Kidole akasema. Akabonyeza, na daktari akatokea.

"Jicho limeanza lini, mama?"

"Jana jioni."

"Unafanya kazi gani?"

"Natia nakshi."

"Basi ni vumbi la vitambaa hilo. Mzio. Nakuandikia matone. Usipopata nafuu baada ya siku tatu, rudi."

Dakika nne, tukawa nje. Njiani nikamuuliza, "Dada, mbona hukumwambia umetapika?"

"Niende kwa ajili ya jicho nimweleze habari za tumbo? Na jicho lenyewe si analiona?"

Maneno hayo nimeyageuza kichwani mara nyingi kuliko kitambaa chochote nilichowahi kukata. *Si analiona?* Dada alidhani kile kioo ni dirisha. Alidhani daktari yupo upande wa pili, na kwamba kinachoonekana kwa macho ya daktari chumbani kinaonekana vilevile kule. Hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Siku ya tatu nilimpeleka hospitali akiwa haoni hata mwanga kwa jicho lile. Daktari wa macho aliligusa juu ya kope kwa vidole viwili, basi. "Gumu kama kokoto," akasema. "Hii ni presha ya jicho, ndiyo iliyomtapisha. Mngekuja siku ileile…" Hakumaliza. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu.

Tuliandika malalamiko. Jibu lilikuja baada ya wiki sita, aya moja, na mhuri wa duka chini yake: *Mgonjwa alielezwa mipaka na hatari zote za huduma hii, akaridhia kabla ya kuhudumiwa. Suala limefungwa.*

Dada alinitaka nisome mara ya pili. Kisha akaweka chini kitambaa alichokuwa amekishika.

"Kwa hiyo mimi ni mwongo," akasema.

"Hawajasema hivyo, dada."

"Wamesema nini, basi? Jicho limekwenda, haya. Sasa nimegeuzwa na kuwa mwongo juu yake. Sitaki chochote kutoka kwao, mdogo wangu. Nataka waseme mbele za watu kwamba sikuulizwa."

Hata hapo sikukasirika. Nilidhani huenda walimweleza na maumivu yakamsahaulisha. Ukutani pale dukani kuna tangazo dogo linalosema kila mgonjwa ana haki ya kupata nakala ya taarifa zake. Nikaenda nikaomba. Kidole akanichapishia kurasa mbili bila kuzitazama.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa tamko la ridhaa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Lilikuwa zuri, na nasema hivyo bila kejeli. Kila kitu ambacho dada angehitaji kukijua kilikuwamo. Ukurasa wa pili ulikuwa na mistari michache, na miwili kati yake ilinifanya nikae chini kwenye ngazi ya duka.

*Mgonjwa amekubali: NDIYO. 08:07.*

*Mgonjwa ameingia: 10:15.*

Saa mbili na dakika saba dada alikuwa nyumbani, amelala na kitambaa chenye maji usoni. Alikuwa amekwisha kukubali hatari zote, muda wa saa mbili na ushei kabla ya kukanyaga mle ndani.

Sikuishia hapo. Mtu mmoja anaweza kukosewa na mashine. Niliwauliza wateja wangu waliowahi kukaa kwenye kile kiti: mwalimu mstaafu, dereva wa lori, na mama muuza mayai. Kila mmoja akaomba nakala yake. Siku zilikuwa tofauti, lakini wote watatu walikuwa wamekubali kati ya saa mbili na saa mbili na dakika kumi. Mama muuza mayai alihudumiwa saa nane mchana. "Nilikubali nini mimi?" akaniuliza. "Saa mbili niko sokoni napigizana kelele na watu."

Nikazikunja nakala zote nne, nikavuka barabara, nikamwona mfamasia mwenye duka faraghani, kama inavyostahili.

Alizitazama kwa muda wa kupepesa jicho. "Fundi, hizo ni saa za mashine. Zinapotea."

"Zinapotea kwa wote wanne? Na zote zinapotelea palepale?"

Akacheka, akanipiga begani. "Wewe shughulika na sindano zako, sisi tuachie zetu. Halafu, umekuja wakati mzuri. Tunafungua kibanda cha pili. Atakuja mkaguzi wa afya, na daktari mwenyewe atakuwepo kwenye runinga kubwa. Nataka pazia la nyuma ya kiti cha mgonjwa. Buluu ya mawingu, na nembo yetu katikati. Utaweza?"

Hapo ndipo nilipokasirika. Haikuwa hasira ya kutetemesha mikono. Ilikuja taratibu, ikakaa, ikaniacha naona kila kitu vizuri, kama unapowasha taa ya cherehani.

"Nitaweza," nikasema. "Niachie wiki mbili."

Watu hunisahau upesi. Ni faida mojawapo ya kusema kwa sauti ya chini.

Kuna ushonaji unaoitwa bandi. Ni mishono mirefu, milegevu, ambayo fundi huipiga akijua ataing'oa. Hushikilia kitambaa mahali pake kwa muda tu. Ukijua uzi ulipoanzia, unavuta mara moja na wote unatoka. Nilikata mapazia mawili: la buluu lenye nembo, na jeupe la kukaa chini yake. La buluu nikalipiga bandi juu ya jeupe kwa uzi mmoja, na ncha ya uzi nikaiacha ining'inie nyuma, upande wa kulia.

Lile jeupe alilifanyia kazi dada. Nilitaka kuandika maneno kwa mashine, akanikatalia katakata.

"Ni neno langu walilolikataa, na ni mkono wangu watakaousoma."

Mwenye jicho moja hajui sindano iko mbali kiasi gani na kitambaa. Alijichoma mara nyingi. Kutunga uzi kulimchukua muda ambao zamani angemaliza ua zima. Herufi nyingine zililala upande, akazifumua, akazirudia. Alichagua uzi mwekundu.

"Si rangi ya nembo yao hiyo, dada."

"Ni rangi ya jicho langu siku ile. Pisha nifanye kazi."

Siku ya shughuli kibanda kilijaa. Mkaguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani na daftari, mkimya, nikampenda hapohapo. Mfamasia alivaa koti jeupe nililomshonea mimi. Runinga ilikuwa ukutani, na daktari ndani yake, mkubwa kuliko binadamu, anatabasamu. Pazia la buluu lilining'inia nyuma ya kiti bila kunyanzi hata moja. Mfamasia alinisifu mbele za watu.

Kidole akapiga makofi. "Haya, tumpate mmoja wa kuonyeshea. Nani atakaa?"

"Mimi," dada akasema, akaenda akakaa kabla hajaitikiwa. Mfamasia alimtambua akiwa ameshaketi. Angemwinuaje, mkaguzi anatazama?

"Karibu mama," daktari akasema. Sauti yake ilijaa chumba. "Una tatizo gani?"

"Unanikumbuka, daktari?"

"Samahani mama, nawaona wengi."

"Haidhuru. Kuna maandishi nyuma yangu. Jicho langu halinisaidii sana siku hizi. Hebu nisomee kwa sauti."

"Mbona naona nembo tu…"

Nilikuwa nimesimama kando ya pazia. Nikavuta uzi. La buluu likateleza lote kwa mkupuo mmoja, likaanguka sakafuni nyuma ya dada kama nguo aliyoivua mtu. Daktari akasogeza uso kwenye kamera yake, akaanza kusoma. Alikuwa na sauti nzuri.

"*Daktari atakuona kwa picha tu. Hataweza kukugusa wala kukupima. Picha na mtandao vinaweza kumficha jambo. Mweleze kila unachohisi, hata lile ambalo hujaulizwa. Dalili zikizidi, usisubiri, nenda hospitali. Una haki ya kukataa na kuelekezwa kwa daktari wa ana kwa ana.*" Akatabasamu. "Aa, hili ni tamko letu la ridhaa. Wazo zuri sana kulitundika hapo. Hongereni."

Watu wakapiga makofi kidogo. Hata mfamasia alianza kushusha pumzi. Na kweli, hadi hapo hatukuwa tumeongeza neno. Yote yalitoka kwenye karatasi yao.

"Hujamaliza," dada akasema. "Iko mistari miwili."

"*Nilikubali saa mbili na dakika saba.*" Daktari akapunguza mwendo. "*Niliingia saa nne na robo.*" Akairudia kwa macho. "Sijaelewa. Inawezekanaje?"

Mkaguzi alikuwa tayari amenyoosha mkono kwangu, maana nilikuwa nimezishika zile nakala nne mahali pa kuonekana. Akasoma moja, akasoma ya pili. Akamgeukia Kidole, si mfamasia. Alijua kazi yake.

"Binti, hii saa mbili ni ya nini?"

"Hiyo?" Kidole akajibu kwa wepesi, kama anayeulizwa choo kiko wapi. "Hiyo ni ya kila siku. Huwa nawabonyezea wote asubuhi nikifungua, foleni isichelewe. Mashine haikubali kumwita daktari bila hiyo ndiyo."

"Unawabonyezea kabla hawajafika?"

"Si watakubali tu? Nani anakuja hapa aje akatae?"

Mkaguzi alipoyaandika maneno hayo ndipo akatazama watu, mmoja mmoja, na kidole chake kikatulia. Nilimwelewa. Kichwani mwake hakuwa amedanganya. Aliwekewa watu arobaini kwa siku na hakuna aliyewahi kumwambia swali lile lilikuwa la nani. Nilimwelewa na sikumwonea huruma. Hizo ni kazi mbili na siku ile nilikuwa na muda wa moja.

"Mimi naona alama ya kijani," daktari akasema. Hakuwa anatabasamu tena. "Ikiwa kijani, najua mgonjwa ameshaelezwa. Mama, nilikuhudumia nini?"

"Jicho. Uliniambia vumbi. Nilikuwa nimetapika na kichwa kinapasuka, sikukwambia, kwa sababu nilidhani unaniona."

Daktari alifunika mdomo kwa kiganja. Sikuhitaji mtu wa kunieleza kwamba amejua ni ugonjwa gani. Nilimtazama anavyojua, taratibu, akiwa mkubwa vile ukutani, pasipo na pa kuficha uso. Nilikuwa nimeungojea uso huo kwa miezi. Niliushiba.

Mfamasia akapiga hatua kuelekea kwenye waya wa runinga. "Jamani, mtandao unasumbua, tupumzike kido…"

"Usizime," mkaguzi akasema, bila kunyanyua macho kutoka kwenye daftari. "Hapa mnawaandikia watu barua kwamba walielezwa?"

Mfamasia akaurudisha mkono mfukoni.

"Nimekuuliza. Huyu mama alielezwa?"

"Hakuelezwa," mfamasia akasema, akitazama viatu vyake.

"Sema watu wa nyuma wasikie."

"Hakuelezwa! Hakuulizwa."

Dada aliinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya akimaliza kufunga fundo la mwisho. Nikadhani sasa atainuka twende. Hakuinuka.

"Daktari, nimekaa kwenye kiti chako mara mbili," akasema. "Na leo pia hujaniuliza. Niulize."

Daktari akakohoa. "Mama, umesikia mipaka ya huduma hii. Unakubali nikuhudumie kwa njia ya mtandao?"

"Sikubali."

Mkaguzi akamwonyesha Kidole tableti kwa kalamu. "Iingize hiyo, kama ilivyo, na saa yake."

Kidole akainama juu ya kioo. Akabonyeza pale alipozoea, akafuta. Akajaribu juu, akajaribu pembeni. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyeondoka. Dada alikaa wima, mikono mapajani, akimtazama kwa jicho moja, na mimi nikaanza kuuzungusha uzi wa bandi kwenye kidole changu, polepole, huku binti akitafuta mahali ilipo *hapana*, kitufe ambacho hakuwahi kukibonyeza hata siku moja.