Waya Uliokataa Kupita

Mtaani walimwita Kipara, na jina lilimkaa: kinyozi wa miaka mingi asiye na unywele hata mmoja. Mteja mgeni akiingia na kumkazia macho kichwani, humwambia, "Zangu zimeisha kwenye mazoezi. Kaa."

Maumivu yalianzia kwenye shavu la mguu wa kulia. Akitembea kidogo lilimkaza kama limefungwa kamba, akisimama, linaachia. Hakumwambia mtu. Alijifunza kusimama kwa hila. Akifika kwa fundi cherehani anaulizia watoto, akifika kwa muuza mkaa anaulizia biashara. Watu wakasema uzee umemletea adabu. Mkewe ndiye hakudanganyika.

"Baba watoto, wewe na yule wa mkaa hamjawahi kupatana. Siku hizi mna nini?"

"Binadamu hubadilika."

"Binadamu, ndiyo. Wewe, sidhani."

Kisha kidole kidogo cha mguu huo kikatoka kidonda kisichosikia dawa, kikaanza kuwa cheusi. Akilala, mguu ulimchoma mpaka auning'inize nje ya kitanda ndipo apate nafuu. Mkewe hakumsikiliza tena. Alimpeleka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke wa sauti ya chini. Aliwaeleza kwamba mshipa mkubwa wa damu wa paja umeziba, kama bomba lililojaa kutu.

"Hatutaupasua mguu, mzee. Tunatoboa tundu dogo kwenye kinena, tunapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa mpaka uvuke pale palipoziba. Kiputo, puto dogo sana, kinafuata juu ya waya. Tukikijaza, kinasukuma uchafu pembeni, damu inapita. Pakitaka kujifunga, tunaacha kijibomba cha wavu kipashikilie."

"Na mimi nimelala?"

"Uko macho. Tutapiga soga."

Mara ya kwanza ilikwenda vizuri. Mkewe aliushika unyayo wodini, akausikia ukipata joto mkononi mwake, akageukia ukutani ili asionekane akilia. Kipara aliacha sigara siku hiyohiyo, kama daktari alivyomwagiza. Kidonda kilianza kukauka. Akarudi kazini, na kwa muuza mkaa akawa anapita bila salamu.

Furaha hiyo haikumaliza msimu wa mvua. Mguu ulipoa tena, kidonda kikafumuka na kupanda juu ya unyayo. Wakarudi.

Safari hii alipolazwa kwenye meza, katika chumba kile cha baridi, alianza kumsimulia daktari kisa cha bwana harusi aliyesinzia kwenye kiti na kuamka amenyolewa nusu, umeme umekatika. Daktari alicheka. Halafu akaacha kucheka. Kisa kilikuwa hakijafika mwisho.

"Subiri kidogo, mzee."

Aliomba waya mwingine, mwembamba zaidi. Kipara aligeuza shingo kwenye skrini. Mshipa wake ulionekana kama mstari mweusi ulioshuka pajani, kisha ukaishia hapo. Waya ulifika mwisho wa mstari, ukajikunja, ukarudi. Ukafika, ukajikunja.

"Daktari, umenyamaza."

"Naisikiliza mikono yangu."

"Inasemaje?"

Walijaribu kutokea chini, kwenye mshipa wa unyayo. Waya ulikataa huko pia.

Daktari alitoka, akaketi kwenye benchi la ukumbini karibu na mke wa Kipara.

"Mama, haikupita. Na huko chini hakuna mshipa mzima wa kuunganishia njia mpya ya damu. Kidonda kikiachwa, sumu itamchukua. Itabidi tukate, juu ya goti."

Mama yule alitazama mlango wa chumba kile. "Tungekuja mapema?"

"Ingesaidia," daktari alisema. "Siwezi kukuambia ingetosha."

Yeye mwenyewe ndiye aliyempelekea mumewe habari. Hakutaka asikie kwa mwingine.

Kipara alimsikiliza hadi mwisho. "Nitanyoaje nimekaa? Mteja anipigie magoti?"

"Utanyoa hivyohivyo. Utakuwa wa kwanza."

"Sitaki kuwa wa kwanza, mama watoto. Nataka kusimama."

Alikatwa mguu. Kidonda cha upasuaji kilipopona alifungua kibanda, akaketi kwenye stuli, na jirani akajitolea kuinamisha kichwa mbele yake. Shingo ilimuuma jirani, mkono ukamchoka kinyozi, mashine ikamkwaruza sikio. "Si kitu," jirani alisema, akashukuru, na nywele zilipoota akaenda kunyolewa kwingine. Wengine hawakujaribu. Walimsalimia kutoka mlangoni, kwa heshima nyingi, wakapita.

Asubuhi moja mkewe alikuwa akimwosha. Aliushika mguu wa kushoto, akaurudia kuushika. Maji yalikuwa ya moto, unyayo ulikuwa wa baridi.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kutembelea magongo."

"Na ulikaa nalo tu moyoni?"

"Ningekuambia, ungefanyaje?"

Aliukausha mguu, akapitisha taulo katikati ya vidole kimoja kimoja, akamvalisha soksi.

Walikwenda hospitali kesho yake. Daktari aliwatambua mara moja. Alitafuta mapigo ya damu juu ya unyayo, akayatafuta nyuma ya kifundo, asiyapate, akarudi tena juu, amefumba macho. Kisha alivuta kiti, akakaa mbele yao, kabla hajasema lolote.