Seli za Lavinia

Kwa miaka sita Bronwyn Keogh alikuwa akizipa seli za kinga homoni ya msongo, ile ambayo mwili huitoa mtu akiwa na hofu, aone kama zitapunguza kuchoma sukari. Hazikupunguza. Kisha akaja maabarani mtafiti mpya, Lavinia Fifita, binti wa Kitonga, watu wa visiwani, kutoka mtaa wa Dandenong, na wiki ya tatu tu akauliza mbele ya wote kwenye chai ya saa nne:

"Samahani, dada Bron. Hii seramu, maji ya damu ya ndama tunayolishia seli, si ina homoni ya ndama mwenyewe? Labda seli zako zimeshaizoea."

Profesa Ruddock, mkuu wa maabara, akapiga meza. "Miaka sita, Bron! Hukuliona hilo?"

Bronwyn akacheka pamoja na wenzake, huku roho ikimuuma.

Lavinia aliichuja seramu kwa mkaa, akaitoa homoni yote, akaanza upya. Safari hii homoni ilipowekwa, seli zilipunguza kuchoma sukari papo hapo. Kila grafu mpya ilimnyima Bronwyn usingizi. Likabaki jaribio la mwisho, la seli zilizotoka kwenye damu ya watu kumi waliojitolea.

Jumamosi asubuhi Bronwyn alipita maabarani peke yake, akaona mtungi wa gesi inayoziweka hai seli kwenye kabati la joto la Lavinia unakaribia kwisha. Kuubadilisha ni kazi ya dakika mbili.

"Si zamu yangu," akajiambia, akaufunga mlango, akaenda kutazama mechi ya mpwa wake. Hakukumbuka hata nani alishinda.

Jumatatu seli zote zilikuwa zimekufa. Lavinia alikuwa ameketi sakafuni.

"Watu wa watu wamechomwa sindano bure. Mjinga mimi, sikuangalia mtungi!"

Bronwyn akashindwa kuvumilia. "Mimi niliuona. Jumamosi. Nikauacha."

"Ukauacha? Kwa nini?"

"Wivu tu, Lavinia. Nilitaka ukosee, hata mara moja."

Lavinia akajifuta macho. "Mungu akusamehe, dada. Mimi leo siwezi."

Bronwyn akaenda mwenyewe kwa Profesa. Aliondolewa kwenye mradi, akaamriwa awapigie simu wale watu kumi, awaeleze alichofanya, awaombe damu tena. Tisa walikubali. Wa kumi alimkatia simu.

Jaribio liliporudiwa, matokeo yakawa yaleyale ya Lavinia: seli zilipunguza kuchoma sukari. Bronwyn aliikuta grafu imebandikwa ukutani, akaisoma mara mbili. Ilikuwa safi, na bado ilimuuma.