Kipapasio cha Kushoto

Msasa alitangaza kwenye korido, mbele ya watu watatu na birika la chai, kwamba yule mwanamke amemtoka rohoni.

"Kabisa," alisema akijipiga kifua. "Wiki ya tatu hii. Nakula nashiba, nalala nakoroma. Hata sura yake siikumbuki vizuri. Ana nywele, nadhani."

Watu wakacheka. Kuchekesha watu huku mwenyewe anaungua, hapo Msasa hakuwa na mpinzani. Kisha akarudi karakanani kwake, akafunga mlango, akakaa robo saa akikitazama kikombe alichokisahau yule mwanamke, chenye doa la wino ukingoni. Hakuwa amekiosha. Wala hakuwa na mpango huo.

Jina la Msasa lilitokana na kazi: ndiye fundi wa kung'arisha mawe kwenye jumba la makumbusho. Yule mwanamke alikuwa mchoraji wa idara hiyo hiyo, na kila mtu alimwita Penseli. Walikaa pamoja miaka miwili na miezi mitatu. Halafu siku moja Penseli akamwambia kwamba baba yake mzazi amerudishwa nyumbani, madaktari wamenyoosha mikono. Msasa akamjibu kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Alitaka acheke kidogo tu, maskini. Penseli hakucheka. Baada ya wiki mbili alirudisha funguo ndani ya bahasha ya ofisi, tena imegongwa muhuri.

Sasa alikuwa anahama mji. Amepata kazi kwingine, na hapa alibakiza kazi moja tu: kumchora mbawakawa.

Mbawakawa mwenyewe alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele, amekaa ndani ya kipande cha kaharabu kama ncha ya kidole gumba. Utomvu wa mti ulimnasa miaka milioni arobaini iliyopita, ukaganda naye, ukawa jiwe la rangi ya asali. Daktari wa wadudu, bosi wao, ambaye wote walimwita Mama, aliamini kwamba spishi yake haijaandikwa na mtu yeyote. Lakini ili mdudu apewe jina, lazima aelezwe kiungo kwa kiungo, na kilichomtenga huyu na ndugu zake ni pingili za vipapasio, zile nyuzi mbili za kichwani. Cha kulia kilikatika kabla utomvu haujamfunika. Kilibaki cha kushoto, kimening'inia upande wa tumbo, ncha yake karibu kabisa na uso wa jiwe. Na mwingine wa kufanana naye hakuwa amepatikana popote. Jina lote lingesimama juu ya huyu mmoja.

Kazi ya Msasa ilikuwa kufungua dirisha upande wa tumbo. Unachukua msasa wa maji, ule ule wa mafundi rangi za magari, unaanza na mkali unamalizia na laini. Unasugua mara kumi, unakwenda kuchungulia kwenye hadubini. Ukishabakiza unene wa karatasi juu ya mdudu, unaweka jiwe chini na kunawa mikono. Ni kazi ya siku mbili. Alianza Jumanne. Jumatano saa nne asubuhi alikuwa ameshamaliza.

Saa tano Penseli akasimama mlangoni. Hakuingia.

"Tayari?"

"Bado. Lina ukungu."

"Ukungu gani tena?"

"Mwenzio amelala miaka milioni arobaini, dada yangu. Mwache ajinyooshe kwanza."

Penseli akalitazama jiwe mkononi mwake, akamtazama yeye, akaondoka. Alikaa pale dakika mbili hivi. Msasa aliziishi dakika zile mpaka kesho yake.

Alhamisi akamwambia lina mkwaruzo. Dakika mbili nyingine. Na kwa kuwa mwongo lazima aonekane anatoka jasho, kila akisikia viatu vya Penseli koridoni alilichovya jiwe kwenye beseni la maji na kulisugua, taratibu, kwa msasa laini kuliko yote. Alijiambia hauli kitu ule. Unabembeleza tu.

Ijumaa viatu vilichelewa. Vilisimama mahali, vikaanza tena, vikasimama. Msasa alisugua macho yakiwa mlangoni, akasahau kuhesabu. Penseli alipofika na kuuliza, alijibu, "Jumatatu, bila shaka," na mwanamke akabaki amesimama muda mrefu kuliko siku zote, kama anayesubiri chenji. Kisha akaenda zake.

Ndipo Msasa akachungulia kwenye hadubini. Akahesabu pingili. Nane. Akahesabu tena, kama mtu anayepekua mfuko anaojua umetoboka. Nane, halafu kitundu, halafu maji. Tatu za mwisho zilikuwa ndani ya beseni, zimechanganyika na vumbi jeupe. Aliingiza mkono akayakoroga yale maji, sijui alitegemea kukamata nini.

Jumatatu Mama alikuja na Penseli nyuma yake, na jalada la michoro kwapani.

"Haya baba, tuonyeshe bwana harusi," alisema Mama, akainama kwenye hadubini. Alihesabu, akahesabu tena. "Mbona nane?"

"Ndivyo alivyokuja, Mama. Kaumbwa na upungufu kama mimi."

Mama alicheka nusu, kwa mazoea, kisha akavua miwani. Ghafla alionekana mzee. "Bila ncha siwezi kumtenga na wenzake. Itabidi tupekue masanduku yote ya kaharabu, labda yuko mwingine." Akamgeukia Penseli. "Mwanangu, utaweza kutuvumilia mwezi mmoja?"

Mwezi mzima! Msasa alijiona mchawi, lakini moyo haukumngoja; ulisharuka.

Penseli akafungua jalada, akaweka karatasi juu ya meza. Mchoro wa kalamu ya risasi, tarehe pembeni. "Zilikuwa kumi na moja, Mama."

"Umemchora lini?"

"Jumanne alfajiri, kabla hajaguswa. Nilidondosha mafuta juu ya jiwe, nikaweka kioo, kipapasio kikaonekana chote. Nilikuja mapema ili nisikutane na huyu. Nilibakiza tumbo tu."

Mama akainama tena. "Tumbo liko wazi."

"Basi leo namaliza. Jioni nasafiri."

Mama alimgeukia fundi wake. Hakupandisha sauti. "Baba, hili jiwe lilikuwa tayari lini?"

Msasa alifungua mdomo. Mzaha ulikuwepo, tena mzuri, ulikuwa umekaa juu ya ulimi.

"Jumatano," Penseli alijibu badala yake. "Nililiona toka mlangoni, linang'aa kama kioo." Alikuwa anachonga penseli, hakuinua macho. "Alhamisi nikarudi. Ijumaa nikarudi. Nilijua umemaliza, Msasa. Nilisimama pale nikisubiri uniambie neno moja tu la mtu mzima, ukaniambia lina mkwaruzo."